Mita ya gari la marehemu baba ilikufa zamani, kaka anataka tunyamaze tuuze

Shikamoo Shangazi,

Nimekusoma kwa miaka mingi na sikuwahi kudhani siku moja nitakuandikia, tena kuhusu gari.

Baba yetu alifariki miezi minane iliyopita, akatuacha watoto watatu na mama. Vitu vyake vingi tuligawana bila kelele. Kilichobaki ni gari lake, Porsche 911 Carrera la mwaka 1987, jekundu, alilolinunua mwaka 1995 likiwa tayari limetumika. Kwa asiyelijua, ni lile ambalo injini iko nyuma, buti iko mbele, na ufunguo unachomekwa kushoto kwa usukani. Nyumbani tulikuwa tukitania kwamba ndilo kifungua mimba wa baba, sisi wengine tulifuata.

Kaka mkubwa ndiye msimamizi wa mirathi. Amempata mnunuzi, mtu anayekusanya magari ya aina hiyo. Alipopigiwa simu swali lake la kwanza halikuwa injini wala rangi, lilikuwa kilomita. Kaka akamsomea mita: 61,208. Ofa iliyorudi hakuna aliyeitegemea. Mama alitikisa kichwa tu, akasema, "Kumbe mzee alikuwa akiendesha nyumba nzima."

Wiki mbili baadaye nilikuwa nikilisafisha. Nilipoinua zulia la buti, karibu na tairi la akiba, nikakuta daftari la shule lenye jalada la bluu lililolowa oili pembeni. Mwandiko ni wa baba. Kila alipojaza mafuta aliandika tarehe, lita na alikokwenda. Mwezi Mei 2006 ameandika: "Mita imelala leo. Nilibonyeza kile kijiti cha kurudisha hesabu ya safari kwenye sifuri huku gari linakwenda. Sindano ya spidi inafanya kazi, namba haziendi." Tangu hapo akawa anahesabu umbali kwa ramani. Kwa mfano: "14/8/2009. Lita 38. Ziwani kwenda na kurudi, 310. Na Mama wao." Nimejumlisha kwa kikokotoo mara tatu. Tangu mita ilale ni kilomita 57,460. Kwa hiyo gari hili limetembea 118,668.

Nilimwonyesha kaka. Akalifungua, akalifunga, akasema, "Ulilikuta wapi? Basi lirudishe huko huko, au lichome." Jumamosi ijayo amemwita fundi abadilishe gia ndogo iliyovunjika ndani ya mita, ili mnunuzi akija akute namba zinatembea, zianzie pale pale 61,208. Anasema hatujarudisha namba nyuma, tumetengeneza kilichoharibika tu. Mdogo wetu anasema atafuata wengi.

Kuna jingine. Mwezi uliopita nililitoa gari nikazunguka nalo saa nzima. Nilipokuwa na miaka kumi na sita, baba alikuwa akiweka mkono wangu juu ya gia, wake juu ya wangu, tunabadilisha pamoja. Kaka aliposikia nimeliendesha alinifokea: "Kila kilomita unayokwenda unakula pesa zetu." Nililia kama mtoto.

Sijui kama ninatetea ukweli au ninatafuta kisingizio gari lisiuzwe. Kaka si mtu mbaya. Ndiye aliyelipa hospitali mwaka mzima, na hatujui alizitoa wapi. Mama hatujamwambia habari za daftari, tusimsumbue. Nikinyamaza nitalala usingizi? Nikisema, nitakuwa nimewanyima mama na ndugu zangu pesa kwa ajili ya namba? Na ikijulikana limetembea kiasi hicho, bado ni gari la thamani, au tumebaki na gari kuukuu?

Mwenye Daftari

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Miezi minane si mingi. Watu huacha kukupa pole mwezi wa pili, kumbe ndipo mtu anaanza kufungua mabuti na kukuta mwandiko.

Umeniandikia kuhusu gari ukadhani huenda nisilielewe. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi. Nimefua ovaroli zenye oili kwa miaka thelathini na nimesikia mezani mabishano mengi ya kilomita kuliko ya siasa. Kwa hiyo tukae tuzungumze, hatua kwa hatua.

Nikikusoma vizuri, mambo matatu yamefungwa fundo moja. Kuna namba mbili, ya mita na ya daftari, na pesa iliyo katikati yake. Kuna kaka anayetaka kulimaliza na wewe unayetaka lisiishe. Halafu kuna baba, ambaye bado anaongea kutoka chini ya zulia. Ukiyajibu yote kwa jibu moja la "sema" au "nyamaza", utakuwa umejibu moja na kuyaacha mawili yakitokota.

Tuanze na namba. Alichoandika baba yako kinaaminika kabisa. Mita za 911 za miaka ile zina gia ndogo za plastiki ambazo huzeeka na kupasuka, na kubonyeza kile kijiti gari likiwa linakwenda ni njia inayojulikana ya kuzimaliza. Sindano ya spidi huendelea kwa sababu haitegemei gia hizo. Magari mengi ya aina hiyo yamewahi kulala hivyo, na wanunuzi wazoefu wanajua. Ndiyo maana mwenye uzoefu akiona namba ndogo kwenye Carrera ya 1987 hashangilii kwanza. Huomba karatasi.

Lakini hebu niulize pia upande wako. Hiyo 118,668 umeiandika kana kwamba imetoka kwenye mita. Haikutoka huko. Ni 61,208 ya mita, ukajumlisha makadirio ya mzee mwenye ramani. Huenda kuna safari hakuziandika, huenda nyingine alizikadiria kwa wingi. Kuna njia ya kuipima hesabu yake bila kumsumbua mtu: jumlisha lita. Gari kama hilo, kwa safari za mchanganyiko, hunywa kama lita 11 hadi 13 kwa kilomita 100. Ikiwa 57,460 ni kweli, lita za daftari tangu Mei 2006 zinapaswa kuwa karibu 6,300 hadi 7,500. Zikiangukia hapo, baba yako alikuwa karani mzuri. Zikiwa nusu yake au mara mbili, basi hata wewe huna namba, una kisio. Ni vyema ulijue hilo kabla hujaingia kwenye ugomvi ukiwa umeishika kama msahafu.

Kaka anaonekana kuamini kwamba hakuna atakayejua. Hapo nina shaka naye, tena kubwa. Namba za gari huandikwa mahali pengi: risiti za gereji, karatasi za ukaguzi, mafaili ya bima. Risiti ya oili ya 2008 na ya 2015 zikisema zote 61,208, hata mtoto ataona. Tairi nalo lina tarehe yake: tarakimu nne za mwisho za ile namba ndefu ubavuni ni wiki na mwaka lilipotengenezwa, kwa hiyo 3019 ni wiki ya 30 ya mwaka 2019. Seti tatu za tairi kwenye risiti za gari ambalo eti halijatembea ni swali linalojiuliza lenyewe. Halafu kuna mwili wa gari: mpira wa kanyagio la klachi ulivyolika, ngozi ya kiti upande dereva anapoingilia, vidoa vya changarawe puani. Marehemu mume wangu alikuwa akipitisha kidole gumba kwenye kanyagio la breki, anatazama dashibodi, anacheka peke yake.

Na ile hoja ya kaka kwamba "tumetengeneza tu". Kutengeneza mita si kosa, na mimi ningefurahi itembee tena. Kinachobishaniwa ni kile mtakachomwambia mnunuzi siku ya kusaini. Marekani wana sheria ya shirikisho kuhusu mita tangu mwaka 1972, na kwa magari mengi muuzaji huko hutakiwa kusema kwa maandishi kama anajua mita haionyeshi umbali halisi. Ujerumani, gari lilikozaliwa, walifanya kuchezea mita kuwa kosa la jinai mwaka 2005. Sheria za mahali mlipo mwulize wakili, mimi si wakili. Ila kokote pale, mnunuzi aliyelipa pesa nyingi akagundua baadaye atamtafuta aliyesaini. Msimamizi wa mirathi ni nani? Kaka. Sasa jiulize kama kumwambia hilo kwa upole kungekuwa kumpinga, au kumkinga.

Swali lako la mwisho ndilo limenigusa: bado ni gari la thamani? Nisikudanganye ili nikufariji. Kilomita zina bei. Kwa magari ya kukusanywa mteremko wake ni wa ajabu: ni mkali sana mwanzoni, kisha unalala. Gari lililotembea kilomita mia tano likienda elfu tano linaweza kupoteza sehemu kubwa ya bei kuliko la elfu themanini likienda laki. Mwenye kununua lile la kwanza hanunui usafiri, ananunua kitu ambacho hakijaguswa, na kitu kikishaguswa kimeguswa. Angalia McLaren F1, gari lililotengenezwa 106 tu. Agosti 2021 moja la mwaka 1995 lenye kilomita zisizofika 400 liliuzwa mnadani Pebble Beach, Marekani, kwa zaidi ya dola milioni 20. Lakini pia angalia la mchekeshaji wa Uingereza, Rowan Atkinson. Alilinunua mwaka 1997 kwa pauni 540,000, akaliendesha maili 41,000 hivi, akaligonga mara mbili, na moja ya matengenezo hayo iligharimu bima pauni zipatazo 910,000. Lilipotiwa sokoni mwaka 2015 bei iliyotajwa ilikuwa pauni milioni 8. Waliojua lilivyotunzwa walijua kila skrubu iliyofunguliwa.

Halafu kuna magari ambayo hakuna anayeuliza kilomita kabisa. Ferrari 250 GTO za miaka ya 1962 hadi 1964 zilishindana, zikagongwa, zikapakwa rangi upya, na moja iliuzwa mwaka 2018 kwa dola milioni 48.4. Huko watu huuliza nani aliliendesha, katika mashindano gani, na kama injini ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani.

La baba yako haliko huku wala kule. Aina yake, Carrera yenye injini ya lita 3.2, ilitengenezwa zaidi ya 70,000 kati ya 1984 na 1989, kwa hiyo mnunuzi ana za kulinganisha, na kilomita ni mojawapo ya vitu anavyolinganishia. Tofauti kati ya 61,000 na 118,000 itaonekana kwenye ofa. Sitakuambia vinginevyo. Lakini za mwaka 1987 kuendelea zina giaboksi ya G50 ambayo wengi huipendelea, na injini ile ikihudumiwa vizuri kilomita 118,000 si uzee. Atakayekuja na akili zake ataangalia kutu, atapima mgandamizo wa kila silinda, ataangalia kama rangi ni ya kiwandani. Akimaliza ataomba historia. Na historia ya gari hili mnayo nyinyi, kwenye daftari ambalo kaka anataka kulichoma. Miaka yote ya mkono wa mmiliki mmoja, lita kwa lita, hata kosa lake mwenyewe la kubonyeza kijiti amelikiri. Huyu mnunuzi wenu huenda akaliona akakimbia. Kuna mwingine ambaye angelilipia gari kwa sababu yake. Yupi atatangulia kubisha hodi, sijui, wala asikudanganye mtu kwamba anajua.

Sasa, ile kelele ya kaka: "kila kilomita unakula pesa zetu." Mwanangu, nilicheka kidogo, unisamehe. Mita imekufa! Ulizunguka saa nzima na namba haikusogea hata tarakimu moja. Maneno yale hayakuwa ya kilomita. Ni mtu aliyelipa hospitali mwaka mzima, pengine ana mdai anayempigia simu usiku, na anaona njia pekee ya kutoka ikizungushwa barabarani na mdogo wake. Umeandika "hatujui alizitoa wapi" ukapita haraka. Mimi nimesimama hapo. Je, kuna mtu amewahi kumuuliza? Kama ana deni lililotokana na ugonjwa wa baba, hilo ni deni lenu wote, na lingeweza kutolewa kwanza kwenye mauzo, kwa bei yoyote itakayopatikana. Huenda kaka akipunguziwa mzigo huo, zile kilomita 57,460 hazitamtisha hivyo.

Na wewe pia nikuulize. Tuseme mnunuzi anaambiwa kila kitu na bado anatoa bei nzuri. Utafurahi, au moyo utashuka? Jibu hilo ukiwa peke yako. Kama moyo utashuka, basi daftari halikuwa kesi yako. Kesi yako ni kwamba hutaki liondoke, na hilo si dhambi, ila linahitaji kusemwa kwa jina lake. Labda una uwezo wa kununua sehemu za wenzako pole pole. Labda huna, na gari likibaki litakuwa likidaiwa na watu wanne huku linaoza.

Maana kuoza litaoza, hilo nalo ulijue. Gari lililoachwa ndani ili "litunze thamani" linazeeka vilevile. Mipira ya kuzuia oili hukauka na kuvuja, mafuta ya breki hunyonya unyevu, petroli huchacha, betri hufa, tairi hugandia upande mmoja. Mwaka 1957 huko Tulsa, Marekani, walizika gari jipya la Plymouth chini ya ardhi ndani ya sanduku la zege, walifukue baada ya miaka hamsini. Juni 2007 walipolifungua maji yalikuwa yameingia, gari limekuwa donge la kutu. Halikuwa limetembea popote. Kwa hiyo mkichagua kulibakiza, lipewe mtu wa kulitoa kila baada ya wiki chache, safari ndefu ya kutosha oili kupata moto sawasawa, maana kuliwasha dakika tano na kulizima huacha unyevu ndani ya injini. Na mtu huyo andike kwenye daftari.

Njia zenu basi naziona hivi, kila moja na mwiba wake. Mkimwonyesha mnunuzi huyu daftari, anaweza kupunguza bei au kuondoka, na kaka atakulaumu kwa muda, pengine mrefu. Mkilipeleka mnadani na maelezo kamili, yapo magari yanayouzwa yakiwa yameandikwa waziwazi kwamba umbali halisi haujathibitishwa, na watu hununua. Ila mnada una ada na hauna uhakika. Mkisubiri, deni la kaka halisubiri. Mkinyamaza, pesa inaingia upesi, na mtabaki nyinyi watatu mkijua, mkitazamana kwenye kila sherehe ya familia, na jina la kaka likiwa kwenye karatasi. Nisingependa kukuchagulia. Wewe ndiye utakayeketi meza moja na hao watu, mimi nitakuwa ninajibu barua ya mwingine.

Kabla ya Jumamosi fanya mawili madogo ambayo hayamfungi mtu. Piga picha dashibodi ilivyo leo, na picha za kila ukurasa wa daftari, kisha uliweke mahali pasipo na kiberiti. Fundi akija, mwombe aandike kwenye risiti yake mita ilikuwa ikisoma ngapi alipoifungua na alibadilisha nini. Hapo mita itatembea kama kaka anavyotaka, na mlango wa kusema kweli utabaki wazi hadi mtakapokubaliana.

La mwisho ni mama. Mnamficha daftari asisumbuke. Lakini soma tena mfano ulioniandikia mwenyewe: lita 38, ziwani, 310, "Na Mama wao." Mwaka 2009 mita ilikuwa imelala miaka mitatu, na yeye alikuwa amekaa kiti cha abiria akizitazama namba hizo hizo. Sidhani kama mna siri ya kumficha. Nenda na daftari, keti naye, mwache alifungue ukurasa anaoutaka mwenyewe. Kaka akikubali kuwepo, bora zaidi.

Niandikie kilichotokea.

Shangazi